Kabla hujamleta kombe mkubwa nyumbani

Kombe wangu, mnyama wa baharini mwenye gamba la vipande viwili, ana urefu wa sentimita 38. Nilimnunua miaka saba iliyopita akiwa na 9, anatosha kiganjani. Leo simwinui kwa mkono mmoja, na tangi analokaa, la lita 1,100, lilijengwa kwa ajili yake. Wanaonijia kutoka Nyali na Tudor, hapa Mombasa, wakitaka kufuga kama huyu huanza kwa kuuliza bei. Mimi huwauliza mambo mawili: akishakua utamweka wapi? Na stima ikikatika mchana wa Februari, utafanyaje?

Wa kwanza alinifia. Nilikuwa na tangi la lita 150, lina miezi minne tu tangu nilijaze, na muuzaji akaniambia kombe hali chochote, anaishi kwa mwanga. Usiku mmoja akaachama. Asubuhi nyama ilikuwa imeyeyuka, maji meupe kama tui jepesi, na harufu imefika ngazini. Kabla ya adhuhuri samaki wanne walikuwa wamekufa. Kombe akifa hasubiri: ukimwona ameachama na ukimgusa hajifungi, mtoe saa hiyo hiyo, kisha badilisha maji mengi.

Yule muuzaji alisema nusu ya kweli. Ile nyama yenye rangi inayotandazwa ukingoni mwa gamba, ambayo mimi naiita joho, imejaa vijimea vidogo mno vinavyotengeneza sukari kwa mwanga, na kombe hula humo. Lakini pia huchuja chembe zilizomo majini, na huhitaji nitrojeni kidogo ili vijimea vyake vistawi. Tangi lililosafishwa kupita kiasi humdhoofisha. Hili nililichelewa kulijua.

Halafu kuna gamba. Hapa ndipo penye kazi. Gamba linajengwa kwa kalsiamu ya maji, na mnyama huyu hajengi kidogo. Mimi huweka kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kati ya digrii 8 na 9 za kipimo chake (dKH), usiopanda wala kushuka ghafla. Alipofika sentimita 25 niliona kalsiamu ikishuka kutoka 430 hadi 400 kwa wiki moja, na matumbawe yaliyo karibu naye tangini yakaacha kukua. Tangu hapo napima kila Jumapili na kuandika kwenye daftari, na maji ya chokaa nayadondosha polepole usiku, kwa sababu yakiingia kwa pamoja hupandisha ualkali ghafla. Tafadhali, isiwe chokaa ya kupaka nyumba. Ina uchafu usioujua. Tafuta iliyo safi, ya kiwango cha chakula. Na dawa ya samaki yenye shaba isikaribie tangi hili hata tone, maana shaba inayomponya samaki humuua kombe.

Joto letu ndilo adui mkubwa zaidi. Wakati wa kaskazi sebule yangu hufika digrii 32, nami nataka maji yasizidi 27. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, ila hewa ya Mombasa ina unyevu na maji hayapoi kama vitabu vinavyoahidi, kwa hiyo mwishowe nilinunua mashine ya kupoza. Stima ikikatika, kwa pampu nina betri na inveta. Kwa joto, chupa za maji yaliyogandishwa ziko tayari kwenye friza, na naziweka zielee tangini moja moja. Maji yanayopungua kwa kukauka najaza kwa maji yaliyochujwa chumvi kabisa. Maji ya kisima hapa kisiwani mara nyingi yana chumvi na madini, usiyatumie. Wanaochota maji ya bahari wachote nje ya mwamba, maji yakijaa, mbali na mikono ya bahari. Na wakati wa masika wasichote kabisa.

Sasa la bahari yenyewe. Tunao makombe wa aina hii kwenye miamba yetu, wakiwemo wale waitwao kitaalamu Tridacna maxima na Tridacna squamosa. Maji ya bamvua yakitoka, mzee mmoja wa Mkomani aliyezoea kuchokoa pweza alinionyesha mmoja. Joho lake la buluu na kijani liling'aa kama kitambaa cha hariri kilichotandazwa juu ya jiwe, na kivuli changu kilipompitia akajifunga ghafla akatema maji. Mzee akaniambia, "Mwanangu, huyu ukimng'oa umemuua." Ni kweli. Ameshika jiwe kwa nyuzi zitokazo mwilini mwake, na kumng'oa kunachana tezi inayozitengeneza. Mwacheni. Makombe wote wa jamii hii wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo anayeingizwa nchini lazima awe na vibali, na hapa Kenya vibali hivyo hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wangu ni wa aina nyingine, Tridacna derasa, aliyezalishwa shambani huko Pasifiki. Na yule mkubwa kuliko wote, Tridacna gigas, anaweza kupita mita 1.2 na kilo 200. Huyo usimlete sebuleni.

Ukienda kununua, pitisha mkono juu yake. Aliye mzima hujikunja, maana ukingoni ana macho madogo mengi yanayohisi kivuli. Tundu la kuvutia maji likiwa limeachama sana, ondoka. Mwuzaji akisema hana karatasi, ondoka vilevile. Usimnunue aliye chini ya sentimita 5, ni dhaifu mno. Ukifika naye, mweke chini kwenye changarawe kwanza, taa uiongeze polepole kwa wiki mbili, maana ametoka kwenye sanduku la giza. Usimchanganye na samaki kama bunju, kikande wala kipepeo. Watamdonoa joho mpaka asifunguke tena.

Wiki za mwanzo, usiku taa zikishazimwa, shika tochi umtazame kwenye ukingo wa gamba na chini anakokalia. Mimi niliwakuta konokono weupe, kila mmoja kama punje ya mchele, wamejipanga foleni wakimfyonza. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kibano, kisha nikasugua gamba kwa mswaki laini kuondoa mayai yao yaliyo kama utando wa ute. Nilirudia kila usiku wa pili kwa wiki tatu. Usiku wa mwisho sikukuta hata mmoja, na asubuhi alifungua joho mpaka likagusa changarawe pande zote mbili.