Paka dume kukojolea kochi
Pole dada, dume wa miaka 2 kuanza ghafla kukojolea kochi na beseni la mchanga lipo inakera kwakweli. Kwanza mchungulie akikojoa, kama anajikamua weee kinatoka kitone tu au hakuna kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leoleo, dume mkojo ukiziba anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Kama unatoka vizuri basi acha kufutia jiki, paka wengi ile harufu inawavuta warudi palepale, tumia siki na maji. Beseni nalo usiweke karibu na chakula, wangu aligoma mpaka nilipolihamishia kona ya korido, na mavi natoa kila asubuhi. Ila akisimama mkia juu anarusha ukutani, huyo ahasiwe tu.