Mchanga Hautaki Haraka: kwa anayeingia mbio za jangwani mara ya kwanza

Kabla sijaliona jangwa la Bidiya, Oman, nilikuwa nimeshamaliza marathoni tatu za barabarani, mbili kati ya hizo Moshi, na nilijiona nimeiva. Nilijua kupanda kuelekea Mweka, kwenye njia ya mbio za Moshi, kunavyokata miguu, nilijua kilomita ya 35 inavyombadilisha mtu sura. Siku ya kwanza ya Oman Desert Marathon, saa moja na nusu tu baada ya kuanza, nikiwa napanda tuta ambalo sikumbuki lilikuwa la ngapi, mtu mmoja aliyekuwa anatembea alinipita. Mikono ameifumbata mgongoni, hatua fupi, pumzi imetulia, kama anakwenda kumjulia hali jirani. Mimi nilikuwa nakimbia.

Nawaandikia ninyi mnaojiandaa sasa kwa sababu ya mtu yule. Sikuelewa alichokuwa akifanya mpaka siku ya tatu, na laiti ningekijua nikiwa nyumbani ningefika na miguu yangu mizima.

Kwanza mpajue mahali penyewe. Jangwa hili liko eneo la Sharqiya, mashariki ya Oman, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Muscat. Nilipoingia mimi, mbio zilikuwa kilomita 165 zilizogawanywa kwa hatua za siku kadhaa. Maji na hema unapewa. Chakula, mfuko wa kulalia, dawa na vikorokoro vingine vyote unavibeba mgongoni. Matuta makubwa yamelala safu baada ya safu kutoka kaskazini kwenda kusini, marefu makumi ya kilomita, na mengine yanakaribia mita 100 kwenda juu. Kati ya safu na safu kuna mabonde mapana yenye ardhi ngumu kidogo, majani makavu, na hapa na pale miti ya jangwani iitwayo ghaf ambayo chini yake utakuta ngamia wamejilaza.

Aliyeyajenga matuta hayo ni upepo wa kusi. Ndiyo, kusi hiihii tunayoijua sisi wa pwani, iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni kutoka Unguja. Miaka maelfu imekuwa ikisukuma mchanga kutoka upande wa bahari kuingia bara, ndiyo maana safu zimefuata njia yake. Hili lina faida kwako kuliko unavyodhani. Ukipewa ramani ya hatua, usianze na urefu, anza na mwelekeo. Njia inayofuata bonde, kaskazini kwa kusini, hata ikiwa ndefu utaimaliza ukiwa mtu. Njia inayokata mashariki kwa magharibi itakupandisha kila safu na kukushusha, na kilomita 10 za namna hiyo ni kazi ya nusu siku.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Jioni kabla ya kuanza tulibebwa kwa gari hadi kambini. Aliyetuendesha ni mzee wa Bidiya aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, akarudi kwao akiwa kijana. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba kwa Kiunguja kilichonyooka, akaniuliza habari za Darajani kana kwamba aliondoka juzi. Watu wa namna yake ni wengi Sharqiya, msishangae mkisikia Kiswahili katikati ya mchanga. Lami ilipoishia alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa kwenye kila gurudumu akitoa upepo. Tulisikia ssss ndefu mara nne. Magurudumu yakalegea, yakatanuka chini kama mkate wa kumimina. Nikamuuliza, "Mzee, hatutazama hivi?" Akanijibu, "Ukiujaza upepo ndiyo unazama, mwanangu. Ukiwa laini unaelea." Akayapiga magurudumu teke dogo, tukaingia mchangani.

Niliyasikia maneno yale nikayaweka pembeni kama habari za magari, kumbe ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kukimbia.

Barabarani tumefundishwa kusukuma kwa vidole, kuruka mbele, kunyoosha hatua. Mchangani kila ukisukuma kwa vidole, vidole vinachimba shimo. Nguvu yako inaishia kuhamisha mchanga nyuma badala ya kukupeleka mbele. Watafiti waliopima jambo hili walikuta kukimbia mchangani kunakula nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kwa hiyo weka unyayo wote kwa pamoja, kisigino na vidole vishuke sawasawa, na uunyanyue wote kwa pamoja. Fupisha hatua mpaka uone aibu. Tuta likiinuka, acha kukimbia kabla hujachoka. Nasisitiza *kabla*, kwa sababu ukisubiri pumzi zikatike ndipo utembee, utatembea vibaya na utapumzika juu kwa dakika nyingi kuliko ulizookoa. Yule aliyenipita hakuwa na ujuzi mwingine zaidi ya huo. Alitembea miinuko yote, akakimbia miteremko na mabonde, na kila jioni alinitangulia kambini.

Mchanga nao unasomeka. Upande unaopigwa na upepo una mistari midogo kama mawimbi ya maji, na pale unakuwa umeshindiliwa, kanyaga hapo. Upande wa pili, ule mkali, mchanga umemwagika tu na umelala kwa mteremko wa nyuzi 33 au 34, kiasi ambacho ukiongeza hata uzito wa mguu unaporomoka. Upande huo ni wa kushukia. Ukitaka kuupanda utapiga hatua mbili na kurudi moja na nusu. Ukifika juu, tembea kwenye ukingo wenyewe, pale pande mbili zinapokutana, hata kama ukingo unazunguka na kituo cha maji unakiona kwa macho upande ule. Njia ya mkato jangwani nimeilipia mara mbili. Na alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, mchanga wa juu unashikana kidogo. Saa mbili za kwanza ni mali, msizipoteze kwa kupiga picha. Picha za jioni ni nzuri zaidi, jua likiwa chini na kila tuta likiwa na upande mmoja mwekundu na mwingine wa kahawia iliyoiva.

Miguu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana wengi niliowaona wakiacha mbio hawakuacha kwa kukosa pumzi, waliacha kwa malengelenge. Viatu vyangu vilikuwa vya wavu mbele, vile vinavyopitisha hewa, vizuri sana kwa joto la Dar es Salaam. Mchanga wa Bidiya ni laini kama unga wa ngano uliochekechwa, ulipita kwenye wavu kama mlango umeachwa wazi. Kufikia mchana kila kiatu kilikuwa na kikombe cha mchanga, soksi imekuwa msasa. Wenzangu waliojua walikuwa wameshonesha kitambaa cha parachuti kuzunguka kiatu chote, kuanzia ukingo wa soli hadi juu ya kifundo. Mpelekeni fundi viatu mapema, aunganishe kwa uzi na gundi, kisha mkijaribu kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Kiatu kiwe kikubwa nusu namba au namba nzima, kwani miguu inavimba kwa joto na mwendo.

Ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama hapohapo. Usiseme nitafika kituoni kwanza. Vua kiatu, futa mchanga kwa kitambaa kikavu, usioshe, paka mafuta ya mgando au bandika plasta, vaa, endelea. Ni dakika nne. Lengelenge likishajaa, chukua sindano uliyoifuta kwa spiriti, toboa pembeni matundu mawili, kamua taratibu, acha ngozi ya juu palepale ilipo. Siku ya pili mimi niliing'oa ile ngozi nikidhani nasafisha. Hatua mbili za mbio zilizofuata nilizitembea kwa ukingo wa nje wa mguu wa kulia, na goti likanilipisha kwa wiki sita.

Asubuhi, kabla hujaingiza mguu, kung'uta viatu. Nge hupenda mahali pa giza penye ujoto.

Kuhusu maji, waandaaji watawaambia mnywe, na ni kweli mnywe. Lakini kuna hatari ambayo mtu wa mara ya kwanza haiogopi kwa sababu hajawahi kuisikia, nayo ni kunywa maji mengi bila chumvi. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, yaani chumvi ya damu imeshuka. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Na Boston hakuna jangwa. Mchana wa siku ya pili pete yangu ilianza kunibana, vidole vimejaa kama soseji, kichwa kinagonga, na mimi nikaona dawa ni kunywa zaidi. Daktari wa kambi alininyang'anya chupa mkononi, akanipa mchuzi wa chumvi, akanikalisha kivulini mpaka nilipopata mkojo. Tangu hapo nabeba pakiti za ORS za duka la dawa, za kawaida kabisa, nachanganya chupa moja yenye chumvi na moja ya maji matupu, na nakunywa kiu inavyotaka. Vaeni mikono mirefu, nguo nyepesi ya rangi ya kung'aa, na kitu cha kufunika shingo. Mimi natumia kipande cha kanga nilicholowesha. Kinakauka haraka lakini zile dakika kumi na tano za ubaridi zinarudisha akili.

Chakula nisikiongelee sana. Tende ni bora, gramu 100 zinakupa karibu kalori 280 na haziharibiki kwa joto, ila kufikia siku ya tatu ulimi utakataa kila kitamu. Wekeni karanga za chumvi. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, msibebe, nilijaribu, unakaribisha kiu ya siku nzima.

Hatua ya usiku ndiyo niliyoiogopa kuliko zote, na ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote. Tatizo la tochi ya kichwani ni kwamba inamulika kutoka usawa wa macho, kwa hiyo vivuli vinafutika na mchanga wote unaonekana tambarare; utakanyaga ukingo ukidhani ni uwanja. Ivue, ishike mkononi usawa wa kiuno. Mara moja kila mstari na kila shimo linapata kivuli chake, na mguu unajua unakokwenda. Kuna mahali nilizima kabisa. Nyota zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye ukingo wa tuta, na sauti pekee ilikuwa mchanga unaoteleza taratibu nyuma yangu ukijaza nyayo zangu. Nilikaa chini dakika mbili. Mkipata nafasi hiyo kaeni, hata kama mnafukuzana na muda.

Tufani ya mchanga ikija, simama. Mwaka 1994, kwenye Marathon des Sables kule Morocco, Mwitaliano Mauro Prosperi aliendelea kwenda wakati upepo umefunika kila kitu, akapotea, akakutwa baada ya zaidi ya wiki moja akiwa ng'ambo ya mpaka, Algeria. Alinusurika kwa kunywa mkojo wake na damu ya popo. Alikuwa mwanamichezo hodari, hakuwa mzembe. Upepo ule ulifuta alama za njia na yeye akaamini macho yake. Geuza mgongo, funika uso, kaa ulipoona alama ya mwisho, subiri watu waje au anga lifunguke.

Mazoezi hayahitaji nauli ya Oman. Mwili unataka siku 10 hadi 14 za kuzoea joto, na mtu wa Tanga au Mombasa anayekimbia saa nane mchana, kwa tahadhari, ameshapata nusu ya kazi. Mkiwa Lamu kuna matuta ya Shela, Malindi kuna ya Mambrui, na sisi wa Dar es Salaam tuna fukwe. Lakini msikimbie pale penye mchanga mbichi ulioshikana karibu na maji, pandeni juu kwenye mkavu. Anza na dakika 15, kwani kano za kisigino na vigimbi vitalalamika, ukaongeze kidogo kila wiki. Wekeni mgongoni begi lenye mchele kilo tano, kisha saba. Na siku moja kila wiki msikimbie hata hatua moja, tembeeni tu saa mbili au tatu mchangani, mikono mgongoni.

Siku ya mwisho matuta yanapungua urefu, rangi inapauka, na kabla hujaona chochote utasikia harufu ya chumvi. Nilipanda kilima cha mwisho nikitembea, unyayo mzima, hatua fupi. Nilipofika juu bahari ilikuwa mbele yangu, Bahari ya Hindi ileile, na chini kwenye mstari wa kumalizia yule mzee wa Ng'ambo alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu na pampu mkononi, akilijaza upepo kwa safari ya lami.