Kabla ya kuidanganya ECU, isome kwanza sensa ya oksijeni

Mkuu, umesema Corolla yako ya 5A-FE inakunywa mafuta, na unataka kuweka saketi kati ya sensa ya oksijeni (ile ya kwenye ekzosi) na ECU, yaani kompyuta ya injini, ili petroli ipungue. Nimeshafanya hivyo hivyo kwenye injini hiyo hiyo. Nakuomba usianzie nilikoanzia mimi.

Nilitumia op-amp moja (IC ya kukuza signali) kuongeza volti kwenye waya wa signali, ECU ione mafuta yamezidi, iyapunguze. Mezani hesabu ilikubali. Shida ni kwamba sensa hii ya kawaida haipimi kiasi cha mafuta, inasema tu ni mengi au kidogo. Ikishapata moto inatoa kama 0.1V mafuta yakiwa kidogo na 0.9V yakiwa mengi, na inaruka upande hadi upande karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Katikati hapo hakuna ngazi za kupanda taratibu. Nilipoongeza 0.2V sikuona tofauti yoyote. Nilipofika 0.4V, ECU haikuona tena "mafuta kidogo" hata mara moja, ikapunguza mpaka mwisho wa uwezo wake. Kwenye kilima gari ikaanza kumisi (silinda zinakosa kuwaka), taa ya injini ikawaka. Nikaing'oa saketi siku ile ile.

Ndipo nikatengeneza kitu cha kusoma tu: LM3914, IC inayowasha LED nyingi zaidi kadiri volti inavyopanda, na LED 10, kila moja 0.1V. IC hiyo hainyonyi umeme wa maana kwenye signali, kwa hiyo ECU haisumbuki. Weka fyuzi, diodi na regyuleta, maana alternata ikichaji inapita volti 14 na kuna mishtuko mikubwa zaidi ya hapo.

Sasa hapa kwenye ethi (njia ya umeme kurudi betri) ndipo nilipopoteza wiki nzima. Usiku nikiwasha taa kubwa, LED mbili zinashuka, kana kwamba injini imeishiwa mafuta. Nikahangaika na pampu ya mafuta bure. Kumbe ethi yangu niliibana kwenye boliti ya dashibodi, na umeme wa taa ulikuwa unarudi njia hiyo hiyo. Volti ya boliti ile ilikuwa juu kuliko ya ethi ya injini kwa karibu 0.2V! Nilipoihamishia kwenye ethi ya sensa yenyewe, LED zikatulia.

Baada ya hapo kifaa kikaanza kunisaidia kweli. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) LED zilikaa chini muda wote, nikikanyaga zinapanda. Nikainama kwenye manifoldi ya ekzosi nikakuta mstari mweusi wa masizi kando ya gasketi. Ilikuwa inavuta hewa ya nje kabla ya sensa. Sensa inasema mafuta kidogo, ECU inaongeza petroli. Hicho ndicho kilichokuwa kinakula mafuta yangu. Plagi inayomisi huleta picha hiyo hiyo, kwa sababu oksijeni isiyoungua inafika kwenye sensa. Baada ya gasketi mpya, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika LED zikawa zinacheza juu chini. Sensa isiyo na hitilafu inapaswa kuruka kati ya chini na juu mara 8 au zaidi kwa sekunde 10. Na tafadhali, fundi asikupakie silikoni ya kawaida karibu na ekzosi, inaua sensa.

Ukitaka kutawala mafuta kweli, tafuta sensa ya LSU 4.9, ambayo inapima kiasi chenyewe, na kontrola yake, kisha utawale muda wa kufunguka kwa nozeli za petroli kwa ECU ya kujitengenezea kama Speeduino. Sensa hiyo usiiache kwenye ekzosi bila umeme injini ikiwa inafanya kazi, itaharibika.

Sensa yako ina waya ngapi? Denso za waya nne kwa kawaida nyeusi mbili ni hita, bluu ni signali, nyeupe ni ethi yake. Hakikisha kwa mita: kati ya waya za hita utapata omu chache tu. Na upige picha ya soketi kabla hujakata waya wowote.