Mchunga mbuzi wa Makueni aliyeona mifupa

*Mzee, salamu. Nina miaka 23, niko Wote, Makueni. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, nilipata D+, na sasa napasua mawe kwenye kwari. Nasikia Kamoya Kimeu, mtu wa huku kwetu, alianza na mbuzi akaishia kuvumbua mifupa ya binadamu wa kale. Ni kweli au ni porojo za kijiweni? Na mtu kama mimi ana nafasi?*
Mpasua mawe, Wote

Ni kweli, kijana wangu, wala hakuna aliyeongeza chumvi. Kamoya alizaliwa huko kwenu mwishoni mwa miaka ya 1930. Shule hakufika nayo mbali, akarudi kuchunga mbuzi wa baba yake. Mwaka 1960 watafiti wa binadamu wa kale, Louis Leakey na mkewe Mary, walihitaji vibarua wa kuchimba Olduvai, Tanganyika. Kuchimba mifupa! Wewe ni mtoto wa Ukambani, unajua wazee wangekutazama vipi ukiwaambia umepata kazi kama hiyo. Wengi walifikiri ni kufukua makaburi. Yeye akaenda.

Mimi maisha yangu ya kazi yalikuwa ya maabara: kukaa mezani na sindano na brashi, natoa mwamba kwenye mfupa punje kwa punje. Kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, kilinifikia kikiwa ndani ya boksi, tayari kina namba. Kamoya alikuwa upande mgumu. Unatembea toka alfajiri kwenye miteremko iliyooshwa na mvua, jua la Turkana utosini, macho chini, na mbele yako kuna mamilioni ya vijiwe vya rangi ileile. Kati yake unatafuta kimoja chenye vitundu vya mfupa, au mng'ao wa jino. Wenzangu wenye digrii walikuwa wakinicheka nikisema uchungaji ulimfaa, lakini bado nashikilia. Mtu aliyefuata nyayo za mbuzi aliyepotea tangu utotoni amezoea kusoma ardhi. Na aliyechinja na kupasua mbuzi wengi anajua mfupa wa bega unavyokaa na kifundo kinavyokunjika kabla hajafungua kitabu chochote. Mengine yote alijifunza kazini, kwa kutazama na kuuliza.

Mwaka 1964 aliona taya la chini huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, la kiumbe aitwaye Paranthropus boisei, jamaa wa kale wa binadamu. Mwaka 1967, kwenye mto Omo kule Ethiopia, aliona mabaki ya mtu wa aina yetu sisi wenyewe, Homo sapiens, ambayo vipimo vya karibuni vinayapa umri wa zaidi ya miaka 200,000. Kisha ikaja Agosti 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko kambini. Yeye akavuka laga, mto uliokauka, na kutembea kidogo tu, kama mita 300 hivi, na katikati ya vijiwe vyeusi vya lava akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Rangi yake ilikaribia kabisa ya vijiwe vile. Nimeshika vipande vya aina hiyo mara nyingi, chini ya taa kali, na bado sidhani ningekiona. Walipochimba na kuchekecha udongo wakapata mifupa ya mvulana karibu mzima, wa binadamu wa kale aitwaye Homo erectus, aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Sasa wewe. Sitakudanganya: mlango alioingilia Kamoya umebanwa. Siku hizi ajira ya makumbusho inaanza na vyeti. D+ yako haikupeleki diploma moja kwa moja, lakini inatosha kusomea cheti cha ufundi, na ukifaulu unapanda hadi diploma. Ni njia ndefu. Ya pili ni misafara yenyewe: kule Turkana watafiti bado wanaajiri wenyeji wenye macho makali, na wapo walioanzia hapo wakapewa mafunzo. Ningekuwa na umri wako ningezijaribu zote mbili kwa wakati mmoja.

Na huko kwari, ukiona jiwe lenye umbo la mfupa au jino, usilibandue. Weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, andika mahali ulipo, kisha upashe habari makumbusho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa hiyo. Tena mfupa ukishang'olewa mahali pake, hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika ulitoka tabaka gani la ardhi, na bila tabaka umri wake ni kubahatisha.

*Shikamoo mzee. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanabishana: Kamoya Kimeu tumwite mwanasayansi, au kibarua mwenye bahati? Shahada hakuwa nayo.*
Mwalimu wa kike, Tanga

Marahaba, Mwalimu. Bahati ya mara moja naijua. Ya miaka 30 siijui. Mwaka 1994, miaka 30 baada ya Peninj, ni yeye aliyeona mfupa wa muundi huko Kanapoi, karibu na Ziwa Turkana, ulioonyesha kwamba Australopithecus anamensis, jamaa mwingine wa kale wa binadamu, alitembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni nne iliyopita.

Kinachowachanganya watu ni karatasi. Taarifa ya kwanza ya yule mvulana wa Nariokotome ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1985 ikiwa na waandishi wanne, na Kamoya hayumo. Ndiyo ilikuwa desturi: aliyeona anashukuriwa, aliyeandika anakumbukwa. Mimi sikuwahi kuipenda. Mwaka huohuo Rais Reagan alimpa nishani ya National Geographic pale White House, na tangu 1977 alikuwa msimamizi wa maeneo ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Aina mbili za wanyama wa kale wa jamii ya nyani zimepewa jina lake, Kamoyapithecus hamiltoni na Cercopithecoides kimeui. Shahada ya heshima ilimjia mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki Julai 2022.

Wakiendelea kubishana, waulize nani aliliona lile fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470, kule Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mwaka 1972. Watakutajia Richard Leakey, mwana wa Louis. Alikuwa Bernard Ngeneo, wa kikosi cha Kamoya.