Kura ya waajiri katika Shirika la Kazi Duniani

Wapo wanaodai kwamba sekta binafsi ni msikilizaji tu katika taasisi zote za Umoja wa Mataifa, lakini si kweli. Katika Shirika la Kazi Duniani, lililoundwa mwaka 1919, kila nchi mwanachama hupeleka kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka huko Geneva wajumbe 4 wenye kura: 2 wa serikali, 1 wa waajiri na 1 wa wafanyakazi, na kila mmoja hupiga kura yake mwenyewe, hata kama inapingana na ya serikali yake. Hayo yamo katika katiba ya shirika hilo, ibara ya 3 na ya 4. Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulipita kwa kura 439 za ndiyo dhidi ya 7 za hapana, huku 30 zikiwa hazikuegemea upande wowote, na kura za waajiri zimo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, mjumbe wa waajiri hasemei kampuni moja. Serikali humteua kwa makubaliano na chama cha waajiri chenye uwakilishi mkubwa zaidi nchini. Wala jambo hili lisichanganywe, kama wengi wanavyofanya, na Global Compact, mpango wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya kampuni uliozinduliwa mwaka 2000: kampuni inayojiunga nao huahidi kwa hiari kufuata kanuni 10 na kutoa taarifa kila mwaka, na isipotoa huweza kuondolewa, lakini kura haipati.