Mzio wa kamba na dawa ya CT ya figo

Umeuliza kama mzio wa kamba na kaa wa baharini unakuzuia kuchomwa dawa ya rangi yenye ayodini, ile inayofanya viungo vionekane vizuri, kwa ajili ya CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ya figo. Haukuzuii. Kinachowasha kwa kamba ni protini ya nyama yake, si ayodini. Swali la maana ni hili: dawa yenyewe imewahi kukudhuru? Joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni si mzio. Vipele, uso kuvimba au kubanwa kifua ndiyo mzio.

Kama iliwahi, waambie wahudumu jina la dawa hiyo ili wabadilishe. Kinga ya kawaida kwa mtu mzima ni prednisoni (steroidi, dawa ya kutuliza mzio) miligramu 50 saa 13, 7 na 1 kabla ya kipimo, pamoja na difenihidramini (dawa nyingine ya mzio) miligramu 50 saa 1 kabla. Ukimeza ya mwisho peke yake umepoteza muda, steroidi huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Na hata ukizimeza zote, mzio bado unaweza kutokea.

Dawa ikipitishwa kwa mpira kwenye kibofu au mrija wa mkojo hatari ya mzio hushuka, ila msukumo ukizidi huvuja hadi kwenye damu. Kwa hiyo hata hapo waambie kama dawa hiyo iliwahi kukudhuru.