Kumdai wakili fidia baada ya uwekezaji kuanguka

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama wakili aliyekuandalia mkataba wa kununua hisa anaweza kubanwa akulipe, sasa kampuni imefilisika na fedha zako zimepotea.

Kufilisika kwa kampuni peke yake hakumtii wakili hatiani. Swali gumu ni hili: kama angefanya kazi yake sawasawa, ungezitoa fedha hizo? Ikiwa kampuni ilikuwa na madeni yaliyosajiliwa wazi na yeye hakukagua, au alimwakilisha muuzaji pia bila kukwambia, hapo una hoja nzito. Lakini kama alikuonya kwa maandishi na bado ukasaini, nakwambia kweli, madai yako ni dhaifu.

Mwombe jalada lako lote leo hii: barua, ankara, rasimu za mkataba. Usimtukane wala kumtishia. Kisha tafuta wakili mwingine asiye na uhusiano naye, na usichelewe, maana muda wa kufungua shauri una ukomo. Huyo mpya aulizie pia kama wakili wako wa kwanza ana bima ya uzembe wa kitaaluma, yaani bima ya kufidia makosa ya kazi yake, kwani mara nyingi ndiyo inayolipa. Kumlalamikia huyo wa kwanza kwenye chombo cha nidhamu cha mawakili kunaweza kumgharimu leseni, ila usikutegemee kukurudishia hela.